Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa 2025: Comrades 2024 na Nauli za Kliniki

Ndugu wanachama,

Naanza na lile lililochemsha grupu letu wiki nzima: fedha tulizochangisha kupitia Comrades, zile mbio ndefu za Afrika Kusini, zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye nauli. Hazikununua plasta, wala viatu, wala bango lenye picha zetu. Ni nauli za basi za kina mama wanaowapeleka watoto kliniki, na pale ilipobidi, chumba cha kulala. Hesabu ataisoma mweka hazina na risiti ziko mezani, anayetaka kupekua apekue. Mimi nitaeleza kwa nini kamati iliamua hivyo, na kwa nini inaomba tuendelee hivyo.

Kwa wageni miongoni mwetu: tunachangia watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zimepinda kwa ndani na chini. Duniani hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila elfu. Kwa njia aliyoianzisha daktari Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani, wengi hawahitaji upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa hogo, yaani plasta ngumu, na baada ya wiki hogo linafunguliwa, mguu unanyooshwa tena, linafungwa jingine. Kwa kawaida ni mahogo matano hadi saba. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi, kisha mtoto anavaa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, kwanza karibu saa zote, baadaye akiwa amelala tu, mpaka afike miaka minne hivi.

Kliniki ya Dar es Salaam tunayoshirikiana nayo haiwatozi wazazi hogo. Ndiyo maana mwanzoni baadhi yetu tuliuliza: sasa sisi tunachangia nini? Jibu nililipata kwenye benchi la kliniki hiyo. Mama mmoja kutoka Kibiti alikuwa na daftari la shule la mtoto wake mkubwa, na ukurasa wa nyuma ameandika: bodaboda hadi kituoni, basi hadi Mbagala, daladala, chai, halafu vyote hivyo tena wakati wa kurudi. Kila wiki ina mstari wake. Wiki ya tatu mstari ulikuwa mtupu. Hakuwa na nauli, akabaki nyumbani, hogo likalegea, na mguu ukaanza kurudi ulikotoka. Muuguzi akalazimika kurudia kazi aliyokwisha kuifanya. Plasta ilikuwepo, na mikono ya kuifunga ilikuwepo.

Mwaka jana hali ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Aprili Rufiji ikafurika, na Mei kimbunga Hidaya kikafuatia na barabara ya kusini ikakatika upande wa Kilwa. Kina mama waliokuwa katikati ya matibabu wangepoteza wiki kadhaa. Kamati ilikaa kikao cha dharura kwa simu, ikakubali kulipia vyumba karibu na kliniki ili waliokwisha kufika Dar wasirudi kwanza. Najua fungu hilo halikuwa kwenye bajeti mliyoipitisha. Naomba mkutano uliridhie leo.

Sasa mbio zenyewe. Comrades ilianzishwa mwaka 1921 na Vic Clapham, askari aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kuwakumbuka wenzake waliokufa. Siku ile walianza watu 34, wakamaliza 16. Kwa kawaida mwelekeo hubadilishwa mwaka hadi mwaka, na tarehe 9 Juni 2024 ilikuwa zamu ya kupanda, kutoka Durban baharini hadi Pietermaritzburg, karibu kilomita 86. Njia inapita zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani tulijiandaa kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, tukitoka saa kumi alfajiri, mara nyingi chini ya mvua. Wakimbiaji wetu wanne walipata sifa ya kushiriki Februari kule Moshi, kwa kumaliza kilomita 42 chini ya saa 4 na dakika 50.

Mwaka huo wa 2024 pale Durban, kabla ya saa 11:30 alfajiri, ulisikia jogoo akiwika kwenye spika. Ni sauti ya mkimbiaji Max Trimborn, aliyewika hivyo mwaka 1948 na wakaendelea kuipiga hadi leo. Kisha bunduki inalia na unapewa saa 12, hakuna nyongeza. Gerda Steyn wa Afrika Kusini alitumia saa 5:49:46 siku hiyo, rekodi ya wanawake ya kupanda. Wetu mmoja alimaliza chini ya saa 11 akapata shaba. Wawili walijiunga na kile wenyeji wanachokiita basi, kundi la watu linaloongozwa na “dereva” anayejua mwendo wa kufika ndani ya muda, na wakapata medali ya Vic Clapham. (Ndilo basi pekee katika taarifa hii lisilo na nauli.) Wa nne alisimamishwa na muda kabla ya kilima cha Polly Shortts. Kule mkono wa saa hauna huruma: mwisho ukifika, afisa anapiga bunduki akiwa amewapa mgongo wanaokuja, na aliyebaki hatua tatu hakumaliza.

Hapo ndipo mzozo wa ahadi ulipozuka. Baadhi yenu mliahidi kuchangia kwa kila kilomita itakayokimbiwa, na mwanachama mmoja, simtaji, alipiga hesabu hadi mita ili asilipie kipande ambacho ndugu yetu hakukikimbia. Ni haki yake. Kinachonisumbua zaidi ni waliohesabu kwa sauti kubwa siku ya kuahidi na hawajalipa hata kilomita ya kwanza. Tunajua kufuatilia michango ya harusi mpaka kadi inarudi. Sioni kwa nini kufuatilia hii kututie aibu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Tangu mwanzo kanuni yetu ni kwamba mkimbiaji anajilipia kila kitu: ndege, ada ya wageni ambayo ni kubwa kuliko ya wenyeji, malazi. Mchango haugusi safari. Mmelalamika kwamba kanuni hii inawapeleka wenye uwezo tu, na mnasema kweli. Dereva wa bajaji anayetushinda wote Jumamosi hawezi kwenda Durban. Hata hivyo sitaki ifike siku ya kumwambia mama wa Kibiti kwamba sehemu ya nauli yake ilinunua tiketi ya ndege. Kamati inapendekeza mfuko wa pembeni, unaotokana na ada zetu za mwezi peke yake, wa kumlipia mkimbiaji mmoja kila mwaka kwa kura. Maana yake ada itapanda. Mjadili, mpige kura.

Tarehe 8 Juni 2025 ni zamu ya kushuka, Pietermaritzburg hadi Durban. Anayedhani kushuka ni mchezo aulize mapaja ya waliowahi kuteremka Fields Hill. Waliokwisha kujiandikisha watakutana Jumamosi Pugu, saa kumi alfajiri. Wenye madeni ya ahadi wamwone mweka hazina kabla ya chai, orodha anayo.

Mwenyekiti