Nivae nini siku ya kwenda kusaini mkataba?

Shangazi, shikamoo.

Nimepata kazi ya uhasibu, namshukuru Mungu, na naanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Kabla ya hapo idara ya rasilimali watu imeniandikia nifike ofisini Ijumaa saa nne asubuhi, "kwa muda mfupi tu". Nitasaini mkataba, nitakabidhi nakala za vyeti nikiwa na vile halisi ili vilinganishwe, nitachukuliwa alama za vidole za mashine ya mahudhurio, nitapigwa picha ya kitambulisho, kisha nitapelekwa kumsalimia mkuu wa kitengo. Kuhusu mavazi, barua haikusema neno.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Kwangu si dogo hata kidogo. Watu nitakaowakuta pale ndio nitakaokaa nao kila siku, na wataniona kabla hawajapata nafasi ya kujua kama hesabu zangu zinakaa sawa.

Shida yangu kubwa ni kwamba ofisi yenyewe sijawahi kuikanyaga. Usaili ulifanyika kwa video. Mimi nilivaa koti la suti, wao niliwaona kuanzia kifuani kwenda juu: mashati yenye kola, hakuna aliyefunga tai, na mama aliyeongoza usaili alijitanda mtandio juu ya gauni. Huko chini sijui. Huenda wanavaa suruali za kitambaa, huenda ni jinzi na raba. Na siku ya usaili watu hujipanga, kwa hiyo hata hayo niliyoyaona siwezi kuyachukua kuwa ndiyo mavazi yao ya kila siku.

Nyumbani kila mtu ana lake. Baba anataka nivae suti kamili. Anasema maadamu mkataba haujasainiwa, mimi bado ni mwombaji, na mwombaji hajiachii. Dada yangu mkubwa, ambaye ameshafanya kazi maofisini, anaona suti kamili kwa shughuli ya nusu saa itanifanya nionekane kama mtu ambaye hajaambiwa kuwa usaili umekwisha. Kwake suruali ya kitambaa na blauzi nadhifu vinatosha kabisa. Rafiki yangu naye anasema ni Ijumaa, siku ambayo ofisi nyingi hulegeza, basi nivae jinzi nyeusi isiyochanika na blauzi nzuri, yaishe.

Hili la jinzi nimelikataa, Shangazi. Anayelegeza Ijumaa ni mwenyeji. Amevaa rasmi Jumatatu hadi Alhamisi, wenzake wanamjua, na jinzi yake haiwaambii kitu kipya. Mimi hawanijui, nao hawatakuwa na nguo nyingine ya kunilinganisha nayo. Tena nikifika nimevaa rasmi kuliko wao, nitavua koti nilishike mkononi, mambo yatakwisha. Nikifika nimevaa jinzi nikawakuta wote wamevaa suti, sina la kuvua wala la kuongeza.

Kati ya baba na dada ndipo ninapokwama, na kilichonikwamisha zaidi ni ile picha. Kitambulisho nitakivaa shingoni miaka na miaka, na picha yake mara nyingi hupigwa mbele ya ukuta mweupe au pazia jeupe. Blauzi nyeupe, ambayo ndiyo niliyoizoea, itamezwa na ukuta, kichwa kibaki kama kinaelea. Nguo ya rangi iliyokolea inakaa vizuri zaidi, na kwa kuwa picha inaishia mabegani, koti peke yake lingetosha kuifanya iwe rasmi. Ndipo nikafikiria hivi: suruali nyeusi ya kitambaa, blauzi ya kijani iliyokolea yenye kola, viatu vyangu vyeusi vya ngozi visivyo na kisigino kirefu, na koti nilibebe nilivae wakati wa picha tu. Dada amelikubali hilo. Baba anasema kuvaa koti kwa ajili ya kamera kisha kulivua mbele ya watu ni kama kuigiza. Hapo sijui nimsikilize nani.

Kuna na jambo la akiba ya nguo. Mpaka nipokee mshahara wa kwanza, nina suti moja, suruali mbili na blauzi chache. Nikiivaa suti Ijumaa hii, je, nikiirudia siku ya kwanza ya kazi itaonekana vibaya? Kununua nguo mpya sasa hivi sitaki. Naona Ijumaa hiyohiyo ndiyo nafasi yangu ya kuona watu wa pale wanavaaje, wa mapokezi hadi wakubwa, nikatoka nikijua ninunue nini. Nikinunua kabla, nitakuwa nimekisia kwa fedha ambayo sina.

Jambo la mwisho. Afisa aliyeniandikia barua aliacha namba ya simu, akasema nikiwa na swali nisisite. Baba hataki niulize, anasema nitaonekana mshamba. Mimi naona swali fupi la heshima halimvunjii mtu hadhi, na nimeshaandaa ujumbe: "Habari za kazi. Nathibitisha kuwa nitafika Ijumaa saa nne asubuhi nikiwa na vyeti vyangu. Naomba pia kufahamu kama ofisi ina utaratibu wa mavazi." Sijautuma. Je, niutume ulivyo, au nithibitishe kufika tu na habari ya mavazi niiache?

Na endapo nitautuma, akanijibu "vaa kawaida tu", nilielewe vipi jibu hilo? Kawaida ya ofisi moja inaweza kuwa suti, na ya nyingine fulana. Kwa jibu kama hilo wewe ungebaki na suruali na blauzi niliyoitaja, au ungepunguza kitu? Na koti nilibebe au niliache nyumbani?

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, Shangazi.

Mimi mwanao,
Mhasibu mpya