Msipige hesabu ya mzigo wa Kasumulu kwa kwacha ya benki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wa Kyela, Rungwe na Mbozi wanaovusha mchele na mahindi kwenda Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu. Wengi wanaamini kwacha, fedha ya Malawi, imetulia kwa kuwa tangu 2024 benki za kule zinaihesabu kwa takriban 1,734 kwa dola moja. Haisogei kwa sababu imeshikiliwa na Benki Kuu yao. Kupata dola benki kwa bei hiyo ni shida, na mwaka 2025 mitaani ziliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo.

Chukua mzigo wa shilingi milioni 5. Dola ikiwa 2,500, huo ni mzigo wa dola 2,000; kwa bei ya benki ni kwacha 3,468,000. Mnunuzi anakulipa zote, hajapunguza hata senti. Ukifika kwa mbadilishaji anayehesabu dola kwa kwacha 4,000, unaambulia dola 867, yaani shilingi 2,167,500. Mtaji umekatika zaidi ya nusu na huna wa kumshtaki.

Mali kauli, yaani kutoa mzigo kwa ahadi ya kulipwa baadaye, ndiyo hatari zaidi. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha kwacha kwa mkupuo, kutoka takriban 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Aliyekuwa akidai kwacha milioni 10 alikuwa na dola 8,475, zikabaki 5,882. Mei 2012 ilikuwa hivyohivyo, kutoka kama 167 hadi 250.

Sisi tulishapita njia hiyo. Shilingi yetu ilipoanza kutumika, 14 Juni 1966, pauni ilikuwa shilingi 20 na dola 7.14. Baadaye bei ya serikali ikaachana mbali na ya mitaani, magendo yakashamiri, maduka yakakauka. Mwishoni mwa 1985 dola ilikuwa takriban 16. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imevuka 50. Maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa kwa sheria ya 1992, na tangu hapo bei imeachwa zaidi mikononi mwa soko. Mwaka 2024 dola ilikaribia 2,700, watu wakalalamika, na kabla mwaka haujaisha ikarudi kama 2,400. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakomwezesha mtu kupanga biashara yake bila kuviziwa.

Kwa hiyo patana bei kwa shilingi kabla lori halijapakiwa. Mnunuzi akiwa na kwacha tu, muulize mbadilishaji mwenye leseni ananunua kwacha kwa shilingi ngapi siku hiyo. Bei anayouzia haikuhusu. Hesabu kwa hiyo, na upokee fedha kabla mzigo haujavuka. Wala msiichanganye na kwacha ya Zambia ya pale Tunduma, ambayo bei yake huamuliwa na soko na ilikatwa sifuri tatu mwezi Januari 2013.

Nawe Mhariri, kwenye jedwali la fedha za kigeni tunaomba mtuwekee bei ya kununulia kwacha zote mbili, pamoja na tarehe yake.

Mdau wa biashara ya mpakani,
Mbeya