Barua kwa wanangu wa kikoba, kuhusu begi lililo chini ya kitanda

Wanangu,

Mwangaluka. Nawaandikia ninyi wa kikoba chetu hapa Igoma, Mwanza, na mama mwingine yeyote kuanzia Buhongwa mpaka Nansio ambaye amekwisha kukubaliana na mwenzake kwamba watoto walionao wanatosha, lakini akilivuta lile begi la shangazi kaja chini ya kitanda ili agawe vilivyomo, mikono inagoma. Kazi yangu ilikuwa ukunga mpaka nilipostaafu, na wengi wenu mmenijia kwa nyakati tofauti, kila mmoja akinong'ona kana kwamba ni yeye peke yake, mkiniuliza swali lile lile: "Mama, kama kweli nimemaliza kuzaa, mbona nalia nikishika kisweta?"

Nataka niwajibu wote kwa pamoja, tena hadharani. Machozi hayo hayasemi kwamba unataka mtoto mwingine. Wala hayasemi kwamba uliamua vibaya. Humo begini kuna maswali mawili, na taabu inaanza pale mnapoyajibu kwa jibu moja. La kwanza ni: nizae tena, au basi? La pili ni: nivifanye nini vitu vya mtoto ambaye sasa unamtuma dukani na anarudi na chenji? Mtu anaweza kuwa na uhakika kabisa katika la kwanza na akashindwa la pili. Huyo hana kasoro yoyote.

Hebu angalieni vilivyomo. Kofia ya uzi. Soksi. Zile kanga ulizokwenda nazo leba, pamoja na beseni na mpira wa kutandika. Mwingine anaona matambara, mimi najua yalifanya kazi gani. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka mno, hasa kichwani, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili. Ndiyo maana tunamkausha mara anapotoka, tunamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tunamvisha kofia, na siku hizi tunawaambia msimwogeshe mpaka zipite saa 24. Kwa aliyejifungua njiti, yaani kabla ya wiki 37 kutimia, ile kofia na kanga ya kumfungia kifuani vilikuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Na alfajiri za kwetu mnazijua. Upepo ukitoka ziwani ukapanda mawe ya Mabatini na Bugarika, ukaingia kwenye dirisha lililozibwa kwa kitenge, wewe ndiye uliyekuwa macho ukigusa miguu yake kama ina joto. Hakuna aliyekuona. Wengine nyumbani walikuwa wamelala. Kofia ile ndiyo shahidi pekee wa usiku ule, na sasa unaambiwa uitoe. Itaachaje kuuma?

Hatari ninayoiona mimi iko kwingine. Nimewaona wanawake walioichukua huzuni ya begi wakaifanya sababu ya kubeba mimba. Tukikaa nao baadaye, mtu anakuambia wazi kwamba hakuwa na hamu ya kulea tena. Alikuwa anamtamani yule yule mtoto wake mchanga, ambaye amekwisha kukua. Mtoto mpya hamrudishi yule. Anakuja na sura yake, na homa zake, na ada yake. Kama swali la kwanza kweli halijaisha moyoni, nendeni kliniki mkalizungumze kwa uzito wake, wawili. Kuna njia za kupanga uzazi: kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, cha miaka 3 na cha miaka 5. Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya kizazi, kinafika miaka 10 na kuzidi. Vyote hivyo hutolewa unapotaka, na uwezo wa kuzaa unarudi. Kufunga kizazi ni jambo la kudumu, na imeonekana kwamba wanaofunga kabla ya miaka 30 hujuta zaidi kuliko waliofunga wakiwa watu wazima zaidi. Kwa hiyo binti wa miaka 26 akiniambia amemaliza, simbishii. Namshauri aanze na kijiti, autazame moyo wake unakwendaje. Na mume aliyekubali kufunga yeye, jambo ninaloliheshimu sana, ajue kwamba kinga haianzi siku hiyo: inataka kama miezi 3, kisha apimwe kuthibitisha, ndipo muache njia nyingine.

Halafu kuna midomo ya watu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, basi mwenye wawili akisema inatosha, mtaani anaonekana hajaanza. Wifi atakuambia usigawe, utavihitaji. Mama mkwe atauliza wa kiume yuko wapi. Msiwajibu kwa kutumia begi. Wapo waliogawa kila kitu kwa haraka ili ukoo uone kwamba wamemaliza, na wapo waliotunza mpaka panya wakatoboa, ili ukoo usijue. Wote wawili hawakupata nafasi ya kuagana na vitu vyao kwa amani. Wakwe waelezwe kwa mdomo, na mume ndiye awaeleze walio wa upande wake.

Miongoni mwenu wapo ambao hawakuamua. Kizazi kilitolewa kwa sababu damu haikukata baada ya kujifungua. Au mtoto aliyevaa nguo hizo ametangulia mbele za haki. Kwenu ninyi nina neno tofauti, nalisema taratibu. Msilifungue begi kwa sababu wenzenu wanagawa. Msilifungue mkiwa peke yenu. Hata miaka ikipita mingi, nguo za mtoto aliyefariki hazidaiwi na mtu yeyote. Na ninyi wengine, nawasihi: msimwambie mwenzenu "angalau unao hawa wengine". Nimelisikia neno hilo wodini, likitoka kwa watu wema kabisa, na nimeona linavyomkata mama. Kaeni naye, mpikieni uji, mtajeni mtoto wake kwa jina.

Turudi kwenye begi. Sijasema mtoe vyote. Katika mila za pwani, na sasa familia nyingi za bara zimeifuata, binti anapoposwa mama yake hupewa mkaja na mbeleko, kwa ajili ya tumbo lililofungwa baada ya uzazi na mgongo uliombeba. Miaka zaidi ya 20 imepita, binti ana kazi yake na simu yake, lakini siku hiyo wazee wanakaa kikao kuutambua mgongo wa mama. Mimi naona ni jambo la haki. Basi ukitunza mbeleko moja usione haya. Ifue, ianike juani, iweke pamoja na hati zako. Kadi ya kliniki nayo isitoke kamwe: ina chanjo zote, kuanzia BCG ya kuzaliwa, ile ya kifua kikuu, mpaka surua na rubela ya miezi 18, na inasaidia unapofuatilia cheti cha kuzaliwa. Nimeona kadi zikitupwa pamoja na nepi, baadaye mama anazunguka ofisini kuthibitisha tarehe.

Na sisi Wasukuma tuna akiba nyingine, tena kubwa kuliko begi. Kulwa na Doto, mapacha. Shija aliyezaliwa baada yao. Kashinje aliyetanguliza miguu, akatutoa jasho wakunga. Mabula na Kabula waliokuja na mvua. Ukimwita mtoto uani aje ale, umeitaja siku yake ya kuzaliwa bila kufungua kabati. Hiyo huwezi kuigawa hata ukitaka.

Vinavyobaki, vitoeni vikiwa bado na nguvu. Kisweta kilichokaa miaka minane kwenye unyevu hakimfai tena mtu. Anayetaka kupeleka soko la mitumba la Mlango Mmoja akauze, auze. Pesa ya madaftari ni pesa halali na mtoto yule yule ndiye atakayefaidi. Lakini kwa moyo mzito nashauri mkono kwa mkono, kwa sababu utakuja kumwona mtoto mwingine amevaa, ana joto, na jambo hilo linatibu kuliko maneno yangu. Najua baadhi yenu mnaogopa nguo ya mtoto kuangukia mikono msiyoijua. Hofu hiyo nimeikuta kwa Waislamu na kwa Wakristo, na siwacheki. Basi mpeni mnayemjua: mdogo wako, binti wa jumuiya, mpangaji mwenzako. Wodi za watoto njiti zinahitaji sana kofia na soksi. Ongea kwanza na muuguzi wa zamu akueleze utaratibu. Na mwenye ndugu Ukerewe au Ukara asiwasahau mabinti wa mialoni kwa wavuvi, wanaojifungua mbali na maduka huku upepo wa usiku ukivuma moja kwa moja kutoka majini.

Msigawe chuchu za chupa, wala dawa za maji zilizobaki, wala chandarua kilichotoboka. Chandarua chenye dawa kinahesabiwa kufanya kazi kama miaka 3. Mjamzito atapewa kipya kliniki. Kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea kivunjeni kabisa. Kinamfikisha kwenye jiko la mkaa au kwenye ngazi za mawe kabla hujageuka. Kanada walikipiga marufuku mwaka 2004, na sisi wenye nyumba za mlimani tuna sababu kubwa zaidi.

La mwisho ni la akina baba, kwa sababu nanyi mnasoma hata kama hamkuandikiwa. Kitanda kile cha mtoto, cha mbao, uliagiza wewe kwa fundi, ukakibeba kwenye bodaboda kipande kwa kipande, na sasa unapita pembeni yake usiku ukielekea chooni na husemi neno. Wanaume wengi wananiambia "hilo ni la mama watoto". Si kweli. Nimemwona baba mzima akikataa bei nzuri ya kitanda bila kujua kwa nini, kisha akagombana na mkewe wiki nzima juu ya kitu kingine. Mkeo akilivuta begi, keti naye mkekani. Sema ni nguo gani unayoikumbuka na kwa nini. Kama hutaki kitanda kiondoke sasa, tamka hivyo kwa maneno, wala usinune. Kitinda mimba akiwa na umri wa kuelewa, mwambieni kabla vitu havijatoka, na mwacheni achague kimoja cha kwake. Mkishakubaliana ndani, ndipo mpigieni simu anayekuja kuchukua.

Mama yenu,
mkunga mstaafu, Igoma