Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Watafiti wa uzamivu wafunzwe njia ya kufika Wizarani Mazizini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa maandalizi hapa Wete. Darasani kwangu wamepita wanafunzi kadhaa wa shahada ya uzamivu, wageni na wenyeji, kila mmoja na hojaji yake na kinasa sauti. Wamekaa mkekani na watoto, wamewauliza rangi na hesabu, na mimi wameniuliza maswali ambayo mengine nimelala nayo. Adabu zao sina la kuzilaumu. Ila kazi inayofuata baada ya kukusanya majibu hawaijui, na hawaijui kwa sababu hakuna aliyewafunza.

Chuo kikuu kinawafunza kuchagua sampuli, kuchambua data na kujitetea mbele ya maprofesa. Hakiwafunzi kwamba bajeti hupitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na kwamba matokeo yakifika Agosti yamechelewa mwaka mzima. Hakiwafunzi kumueleza Mwakilishi jambo kwa dakika tano bila ya kutaja nadharia hata moja. Mtu anavaa joho, tasnifu nene ya Kiingereza inaingia kabatini, na ofisa anayeandika mwongozo wa maandalizi hana habari kama ipo. Data zetu zimekuwa kama karafuu: zinachumwa Pemba, thamani yake inajulikana kwengine.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Peter Mwaura na wenzake kuhusu skuli za awali za madrasa nchini Kenya, Uganda na hapa kwetu Zanzibar. Waliwalinganisha watoto wa madrasa hizo, watoto wa skuli nyengine za awali na watoto waliobaki nyumbani. Waliosoma waliwapita waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawa mbele zaidi. Haya ni matokeo ya watoto wetu wenyewe. Lakini kwenye semina mimi husikia zaidi habari za watoto wa Ypsilanti, Michigan, huko Marekani, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1960. Utafiti ule ni mzuri, siukatai. Ila ulikuwa na watoto 123, na sidhani kama yupo hata mmoja aliyetoka skuli adhuhuri akala haraka haraka akakimbilia chuo cha Qurani na juzuu yake.

Tunao na mfano wa mambo yalipokwenda vizuri. Sera ya Elimu ya 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika mfumo rasmi, na walimu na madarasa hayakuwa yakitosha. Ndipo vikaja vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze na vituo vya TuTu mashehiani: mlezi anayetoka hapo hapo mtaani, redio, nyimbo na michezo. Kazi ile ilifanywa pamoja na Wizara tangu mwanzo. Haikuandikwa kwanza ikatafutiwa msomaji baadae. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwafikia watoto.

Kwa hivyo naomba mwanafunzi wa uzamivu anayetafiti watoto wadogo, hasa anayesomeshwa kwa fedha za Serikali, akae Wizarani Mazizini kwa miezi mitatu akiwa bado mwanafunzi. Uingereza taasisi yao ya utafiti, UKRI, inawapa wanafunzi wa uzamivu muda kama huo serikalini na bungeni. Akae na watu wa mitaala, wa ukaguzi, na zaidi wa mipango, kwani huko ndiko hoja nyingi nzuri zinakofia. Aandike kurasa mbili ambazo mkurugenzi atazisoma kabla ya kikao. Zirudishwe na wino mwekundu, aandike tena. Kisha avuke bahari, aje hapa Pemba, kampasi ya Mchangamdogo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), atusomee matokeo kwa Kiswahili, na walimu tumsaili. Asiseme Kiswahili hakitoshi. SUZA hiyo hiyo inatoa shahada ya uzamivu ya Kiswahili.

Watakuja watu waseme mtafiti akizoea viyoyozi vya ofisini ataandika yanayowapendeza wakubwa. Hofu hiyo hata mimi ninayo. Ndiyo maana sharti liandikwe mapema kwamba matokeo yatachapishwa hata yakiwa machungu, na kwamba mtihani wake utabaki mikononi mwa chuo kikuu, si Wizara. Nani, kwa mfano, atapima mtoto wa miaka minne anajifunza nini hasa katika mkondo wa mchana, baada ya kushinda asubuhi nzima chuo cha Qurani? Mimi jibu langu ni la macho tu. Nataka lenye vipimo, liikere Wizara au linikere mimi.

Liko na suala jengine, na hili halingoji bajeti. Tasnifu inayohusu watoto wetu ikikamilika, nani anaipokea hapo Wizarani? Tutajie cheo chake na ofisi yake, ili mtafiti ajaye nimuelekeze huko mapema, kabla hajaanza kuwauliza watoto wangu rangi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa maandalizi
Wete, Pemba