Barua kwa rafiki anayekwenda kusomea usalama na afya katika kilimo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia salama, nami nimeisoma kwa furaha, hasa pale ulipoeleza kwamba umekwisha kata shauri kusomea shahada ya uzamili katika usalama na afya ya watu wanaofanya kazi ya kilimo. Umeniuliza mambo mengi kwa mpigo: uombe nafasi katika idara gani, mtu aliyesomea kilimo atayamudu vipi masomo ya afya, na tasnifu yako ihusu nini. Nitakujibu yote, ingawa si kwa uzito ulio sawa, kwa kuwa naona swali la tasnifu ndilo linalobeba mengine.

Kuhusu idara, usisumbuke sana na jina la shahada. Vyuo vinavyotoa shahada yenye jina hilo hasa ni vichache. Mojawapo ya vituo vikongwe ni Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, ambako taasisi ya tiba ya kilimo ilianzishwa mwaka 1955. Kwingineko taaluma hii hufundishwa ndani ya idara ya afya ya jamii, ya uhandisi wa kilimo au ya tiba ya mifugo, na mwanafunzi hujikusanyia masomo kutoka huku na huku. Linalostahili kuchunguzwa ni msimamizi. Mwulize amepima nini, kwa kifaa gani, na katika mashamba ya nani. Akikujibu kwa kutaja makongamano aliyohudhuria tu, endelea kutafuta.

Masomo yenyewe utayamudu. Takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, zitakuchosha mwanzoni, na toksikolojia, yaani elimu ya sumu, itakudai urudie kemia uliyoiacha zamani, lakini hizo ni kazi za kukaa chini na kusoma. Wenzako waliotoka upande wa tiba hawatayapata vitabuni yale unayoyajua tayari: palizi hufanyika lini, nani huchanganya dawa na nani hupulizia, nyasi za mifugo hukaushwa vipi kabla ya kuwekwa ghalani. Chukua mfano wa ugonjwa wa mapafu ya mkulima, ambao daktari Campbell aliueleza kitabibu nchini Uingereza mwaka 1932, na ambao hutokana na kuvuta vumbi la nyasi zilizoota ukungu kwa sababu zilihifadhiwa zikiwa bado na unyevu. Homa, kikohozi na kubanwa pumzi huanza saa 4 hadi 8 baada ya mtu kulivuta vumbi hilo, pengine jioni, akiwa amekwisha kuoga na kuisahau kazi ya asubuhi. Kwa hiyo mgonjwa hataji habari za nyasi, na daktari asiyeuliza habari za ghala humtibu kama mwenye nimonia. Anayeijua kalenda ya shamba ndiye atakayeuliza.

Sasa nije kwenye tasnifu. Umeandika kwamba unafikiria kuchunguza maarifa, mitazamo na matendo ya wakulima kuhusu viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na visumbufu vingine vya mazao. Nakusihi uliache wazo hilo. Tafiti za namna hiyo zimefanywa tele, na nyingi huishia mahali pamoja: wakulima wanajua kwamba dawa ni sumu, wengi wao hawavai glavu wala barakoa, basi wapewe elimu zaidi. Sioni faida ya kurudia jibu lililojulikana kabla dodoso halijachapishwa. Tena hitimisho hilo humtwisha mkulima lawama kwa kutovaa vazi la plastiki juani, ilhali vazi hilo hilo huuzuia mwili usipoe kwa jasho na linaweza kumletea madhara ya joto badala ya yale ya sumu.

Utafundishwa mapema sana ngazi ya udhibiti wa hatari: kwanza kuiondoa hatari yenyewe, pili kuweka mahali pake kitu chenye madhara madogo, tatu kuitenga na mtu kwa njia za kiufundi, nne kupanga upya kazi, na mwisho kabisa ndipo huja vifaa vya kujikinga. Inashangaza jinsi wanafunzi wanavyoikariri ngazi hiyo katika muhula wa kwanza, halafu wakaandika tasnifu nzima juu ya kidato chake cha mwisho. Uswidi iliagiza mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka, na baadaye sharti hilo likafikishwa hata kwa matrekta ya zamani. Vifo vya ajali hizo vikapungua sana, bila kumtaka dereva awe mwangalifu kuliko alivyokuwa siku zote. Shafti inayotoa nguvu kwenye trekta na kuendesha mashine nyingine kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde, na nguo ikishanaswa hakuna semina itakayomwokoa mtu; cha kumwokoa ni kifuniko kilichofungwa juu ya shafti kabla kazi haijaanza. Vivyo hivyo hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayotokea katika mashimo ya samadi: ikikaribia sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa, hivyo kumshauri mtu ategemee harufu ni kumpeleka kwenye kifo, pamoja na ndugu yake atakayeruka shimoni kumwokoa.

Kwa hiyo, kama bado unataka kubaki kwenye viuatilifu, chagua kazi moja, badilisha jambo moja katika namna inavyofanywa, kisha upime kabla na baada. Mpuliziaji hupata sehemu kubwa ya sumu kupitia ngozi kuliko kupitia pumzi, na wakati wa kuchanganya mikono yake hukutana na dawa ambayo bado haijazimuliwa. Bandika vipande vya kitambaa mgongoni, mikononi na mapajani juu ya nguo za mpuliziaji, uvipeleke maabara, na utaona dawa inaingilia wapi. Ikiwa kipande cha mgongoni ndicho kilicholowa kuliko vyote, bomba la kupulizia alilolibeba linavuja, na kumbadilishia mpira wa kuziba uliochakaa pengine kutamfaa kuliko mafunzo ya wiki nzima. Hilo ni swali linaloweza kujibiwa ndani ya muda wa shahada ya uzamili, na jibu lake fundi yeyote wa mabomba ataweza kulitumia.

Ukitaka kupima damu, zingatia majira. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti huzuia kolinesterasi, kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukihitaji ili ifanye kazi vizuri, na kiwango chake cha kawaida hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, hivyo kipimo kimoja kilichochukuliwa katikati ya msimu hakikuambii mengi. Kila mtu alinganishwe na kipimo chake mwenyewe cha kabla ya kupulizia. Maana yake ni kwamba kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kiwe mkononi kabla msimu haujaanza, na kamati hizo hazina haraka. Ndani ya maombi hayo, andika wazi utakachofanya ukigundua kwamba kolinesterasi ya mtu imeshuka vibaya: nani atamwarifu, nani atamtoa katika kazi ya kupulizia, na kama ni kibarua, nani atamlipa ujira wa siku atakazokaa bila kupulizia. Nimesoma mapendekezo mengi ya utafiti yaliyolipita jambo hilo kwa sentensi moja ya adabu, na sioni kwamba mtu mwenye haki ya kupima ana haki pia ya kunyamaza.

Swali la kama viuatilifu huleta saratani waachie watafiti wenye miaka mingi ya kungoja majibu. Nchini Marekani kuna utafiti ulioanza mwaka 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina, unaofuatilia karibu watu 90,000, yaani wapuliziaji wenye leseni na wenzi wao, na hata watafiti wake waliyapata majibu polepole.

Jambo moja zaidi litakalokusaidia kuchagua watu wa kuwachunguza. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001 kwa ajili ya usalama na afya katika kilimo, una mambo mazuri, likiwemo sharti kwamba kazi za hatari zisifanywe na aliye chini ya miaka 18. Lakini ibara yake ya 2 inamwacha nje mkulima anayelima kwa ajili ya chakula chake tu. Mkulima huyo hana mwajiri wa kushtakiwa, na hakuna mkaguzi atakayefika shambani kwake. Mtu wa namna hiyo hatafaidika na tasnifu inayomalizia kwa kusema sheria zisimamiwe vizuri. Atafaidika ukimpatia kitu anachoweza kukifunga, kukibana au kukibadilisha mwenyewe. Mimi ningeanzia kwake.

Kabla hujawaandikia wasimamizi, niandikie ukurasa mmoja tu: kazi gani, hatari gani, utabadilisha nini na utapima kwa kipi. Kichwa cha tasnifu na mapitio ya maandishi tutavishughulikia baadaye. Ukiweza uniletee ukurasa huo kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa na kazi nyingi za kusahihisha, na sitaki kukusoma nikiwa nimechoka.

Nisalimie wazazi na wadogo zako.

Ni mimi rafiki yako.