Barua kwa mwanangu: fyuzi ikiungua, tafuta kwanza kilichoiunguza

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema gari linawaka vizuri, taa za mbele ziko sawa, lakini redio imezimika ghafla na pale unapochomeka chaja ya simu hapana umeme. Umeniuliza kama betri imechoka. Hapana, baba. Betri iliyochoka ungeisikia asubuhi kwenye kuwasha. Vitu viwili vikizimika kwa pamoja huku vingine vyote vikiendelea na kazi, mara nyingi ni fyuzi moja inayovilisha vyote viwili. Kingekuwa kimezimika kimoja tu, tuseme taa ya ndani, ningekwambia uanze na balbu yake, au utazame ile swichi ndogo pembeni ya taa, maana huguswa bila mtu kujua ikakaa upande wa kuzima na watu wakahangaika bure.

Kubadilisha fyuzi utaweza, sina shaka na hilo. Ninachotaka ujue vizuri ni yale ya kufanya kabla hujaweka mpya, ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kukwambia kwa simu ukiwa na haraka zako.

Anza kwa kuelewa fyuzi yenyewe. Ndani ya kile kiplastiki cha rangi kuna utepe mwembamba wa madini unaounganisha miguu miwili. Umeme wote unaokwenda kwenye redio na kwenye tundu la chaja unapita hapo. Ukizidi kiasi, utepe unapata moto, unayeyuka, na njia inakatika. Umetengenezwa makusudi uwe sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ile, ili uungue wenyewe kabla waya haujaungua. Watu hudhani fyuzi imewekwa kulinda redio. Kazi yake kubwa ni kulinda waya, na waya ndio wa kuogopwa, kwa sababu unapita chini ya kapeti, ndani ya milango na nyuma ya dashibodi, mahali palipojaa plastiki na sponji ambapo huoni kinachoendelea. Tena joto la waya halipandi sambamba na umeme. Ukizidisha umeme mara mbili, joto linazidi mara nne. Ukizidisha mara tatu, linazidi mara tisa. Hesabu hiyo iweke kichwani, nitairudia nikifika kwenye fyuzi kubwa.

Sasa kuitafuta. Magari mengi yana maboksi mawili ya fyuzi au zaidi. Moja liko chini ya boneti karibu na betri, lina fyuzi za vitu vinavyokula umeme mwingi kama feni ya rejeta. Lako wewe, la redio na chaja, kwa kawaida ni lile la ndani. Tafuta chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya pedali. Usipoliona, fungua mlango utazame ubavuni mwa dashibodi, pale panapofunikwa mlango ukifungwa, kuna magari yenye kifuniko hapo. Mengine wameliweka nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na machache huwa nalo kwenye buti. Kitabu cha gari kitakuonyesha pa kwenda moja kwa moja. Mara nyingi pia nyuma ya kifuniko cha boksi kuna mchoro wa kila fyuzi na maandishi mafupi. Tundu la chaja huandikwa CIG, kwa sababu zamani lilikuwa la kiberiti cha sigara, au P/OUTLET. Redio ni RADIO au AUDIO. Taa ya ndani ni DOME au ROOM. Ukiona ACC, hiyo hulisha vitu vinavyowaka ufunguo ukiwa hatua ya kwanza, na kwa jinsi ulivyonieleza, ningeanza na hiyo na CIG.

Zima gari, toa ufunguo, kisha piga picha boksi zima kwa simu kabla hujagusa chochote. Picha hiyo itakuokoa ukisahau ipi imetoka wapi. Ndani ya boksi, au kwenye boksi la chini ya boneti, kwa kawaida utakuta kibano kidogo cha plastiki kimebanwa pembeni. Ndicho cha kuchomolea. Kama kimepotea, tumia koleo yenye ncha nyembamba, bana kichwa cha plastiki tu, vuta wima bila kupindapinda. Usichokonoe kwa bisibisi. Fyuzi nyingine zina umeme hata gari likiwa limezimwa, na bisibisi ya chuma ikigusa fyuzi na bodi ya gari kwa wakati mmoja umejitengenezea shoti. Chomoa moja, itazame, irudishe palepale, ndipo uende nyingine.

Kuitazama kwenyewe kunataka utulivu. Ishike kwa miguu yake kwa vidole viwili, iinue uelekeze kwenye mwanga wa dirisha au tochi, utazame katikati ya plastiki. Nzima utaona utepe umejipinda kama tao dogo kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kukatika. Iliyoungua ina pengo. Na hapo usiharakishe kuitupa, itazame tena, kwa sababu inaweza kukuambia jambo. Pengo likiwa dogo na safi, ncha mbili zikiwa zimejikunja kama vitone na plastiki bado inang'aa, mara nyingi umeme ulizidi kidogo kwa muda. Ukikuta plastiki imepata weusi kwa ndani na vijichembe vya madini vimeruka ukutani mwake, hiyo ni shoti: umeme mwingi umepita kwa mkupuo. Ishara hizi si hukumu, lakini fundi mzuri huzitazama kabla hajafungua kitu kingine. Na kama ni miguu au plastiki ya pembeni ndiyo imeyeyuka huku utepe ukiwa mzima, tatizo ni tundu la boksi kulegea, na hilo fyuzi mpya haitalitibu.

Zipo fyuzi zenye kichwa kisichoonyesha ndani, na kuna nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni. Hapo tumia taa ya kupimia, ile yenye ncha ya sindano na kibanio. Kibanio bana kwenye chuma kitupu cha bodi, washa ufunguo hatua ya kwanza, kisha gusisha ncha kwenye vile vidoti viwili vya chuma vilivyoachwa wazi juu ya kichwa cha fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka kokote, umeme haujafika hapo, kwa hiyo hakikisha kibanio kimeshika vizuri na ufunguo uko mahali pake kabla ya kuilaumu fyuzi. Uzuri wa njia hii ni kwamba unapima boksi zima bila kuchomoa hata moja.

Rangi huonyesha ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho fyuzi inaruhusu kupita, na zinafuata kiwango kimoja kwa fyuzi hizi bapa za kawaida: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, kijani ni 30. Ya hudhurungi iliyokolea ni 7.5 na ile hafifu ya kahawia ni 5. Hata hivyo soma namba iliyochapwa kichwani, maana plastiki ya zamani hupauka na gizani buluu na kijani hufanana. Angalia na umbo pia. Kuna pana, kuna ndogo, na kuna ndogo zenye miguu mifupi, na haziingiliani. Unaponunua nenda na ile iliyoungua mkononi.

Kabla hujachomeka mpya, jiulize ni nini kilichokuwa kimechomekwa wakati redio ilipozimika. Gari lako ni la volti 12, kwa hiyo chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 12, unapata ampea. Chaja ya wati 24 ni ampea 2, haiwezi kuunguza fyuzi ya 15 peke yake ikiwa ni nzima. Ile pampu yako ya kujazia matairi ni habari nyingine. Pampu za namna hiyo huvuta ampea 10 na zaidi, na tairi likikaribia kujaa inasukuma kwa nguvu zaidi. Kama ulikuwa unaitumia, huenda jibu limeshapatikana.

Kama hukuwa unaitumia, mulika tochi ndani ya tundu la chaja, fyuzi ikiwa bado imetolewa. Chini kabisa katikati kuna kitufe cha chuma. Hicho ndicho chenye umeme. Kuta za duara za pembeni ndizo zinazorudi kwenye bodi. Kitu chochote cha chuma kikigusa vyote viwili ni shoti ya papo hapo. Sarafu iliyoteleza kutoka kwenye kisahani cha katikati huingia humo na kulala ubavu, na usiku huioni kabisa. Chaja za bei rahisi nazo zina ncha ya kuzungushia mbele. Ikilegea, chaja inatoka na ncha inabaki ndani. Utaiona kama kijipande cha chuma kinachong'aa kimekaa upande. Itoe kwa kibano cha plastiki au kijiti, kisha chaja hiyo uachane nayo.

Sasa weka mpya, namba ileile. Isukume kwa kidole gumba hadi ikae sawa na wenzake. Chomoa kila kitu kwenye matundu, zima redio, washa ufunguo hatua ya kwanza, usubiri. Ikishika, washa redio, sikiliza kidogo. Kisha chaja. Kisha simu kwenye chaja. Kimoja kimoja, ili ikiungua tena ujue ni nani. Ikiungua mara tu ulipogeuza ufunguo na hakuna kilichochomekwa, acha hapohapo. Waya umechubuka mahali na kugusa bodi, au kuna kitu kimeharibika nyuma ya dashibodi, na kila fyuzi utakayoongeza inautia waya joto upya. Mwite fundi wa umeme wa magari, na umweleze kila ulichofanya na ulichokiona. Utamrahisishia kazi sana.

Nakusihi, mtu asikushawishi kuweka fyuzi kubwa "ili isisumbue". Mjomba wako alifanyiwa hivyo na fundi mmoja. Fyuzi ya ampea 10 ilikuwa inaungua kila mara, yule bwana akaweka ya 30, kila kitu kikawaka na mjomba akaondoka anashukuru. Baada ya muda gari likaanza kunuka plastiki iliyochomwa. Nilikuwepo kapeti ilipofunuliwa: nyaya zilizokuwa na rangi tofauti zimeshikana zote kuwa kitu kimoja cheusi kigumu, na upande wa chini wa kapeti umekauka na kubadilika rangi. Rudi kwenye ile hesabu. Waya uliopimiwa ampea 10 ukibebeshwa 30, joto lake ni mara tisa, na fyuzi ya 30 inaona hali ni ya kawaida kabisa. Kuweka karatasi ya foili au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni vibaya kuliko hivyo, maana havina kikomo chochote. Ukikwama njiani usiku na huna ya akiba, azima kwenye kifaa usichokihitaji chenye namba ileile, au weka yenye namba ndogo zaidi kwa muda. Redio isipowaka hadi ufike nyumbani, hukupoteza kitu.

Kuna sehemu sitaki uziguse. Fyuzi iliyoandikwa SRS au AIRBAG ni ya mifuko ya hewa, iache kwa fundi aliyesomea. Na ukiwahi kuendesha gari la haibridi au la umeme, nyaya nene za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Boksi la kawaida la volti 12 unaweza kulitazama, hizo kaa nazo mbali kabisa.

Nunua fyuzi mbilimbili za 10, 15 na 20 za umbo la gari lako uziweke kwenye droo pamoja na tochi. Ukimaliza niandikie ulichokikuta: ilikuwa fyuzi ipi, ilikuwa na weusi au ilikuwa safi, na kwenye tundu la chaja mlikuwa na nini. Kama ilikuwa na weusi na tundu halina kitu, usiliendeshe safari ndefu kabla hatujaongea.

Mama yako