Betri ya pili atainunua nani? Hesabu ya sola kwa vikundi

Kikundi kikija dukani kwetu kuulizia sola, cha kwanza kuulizwa ni bei ya paneli. Paneli ndiyo isiyosumbua. Ikiwa ya kweli, hupoteza kama nusu asilimia ya nguvu kwa mwaka na hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Kinachozima taa za vikundi hapa Arua, Uganda, na vijijini ni betri. Ya kwanza hupatikana kwa mchango au kwa mfadhili. Siku ikifa, mweka hazina hana hata shilingi iliyowekwa kando kwa ajili yake.

Tuchukue jengo la kikundi lenye taa 6 za LED za wati 7, zikiwaka saa 5 kila usiku. Lina runinga ya wati 40 inayotazamwa saa 4, na simu 20 za kuchaji kwa siku, kila moja ikila kama wati-saa 18 (wati-saa ni wati mara saa za kutumika). Taa ni 210, runinga 160, simu 360. Jumla 730. Ongeza asilimia 20 inayopotea kwenye nyaya na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unafika karibu 880.

Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo ili kupata 880 unahitaji betri ya wati-saa 1,760, yaani kama Ah 150 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) kwa volti 12. Ya litiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, hivyo Ah 100 inatosha.

Sasa badilisheni saa tu. Simu zichajiwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, paneli ikizilisha moja kwa moja. Betri inabakiwa na taa na runinga, kama wati-saa 444. Hapo risasi ya Ah 100 inatosha, au litiamu ya Ah 50. Mzigo wa betri umepungua karibu nusu na hakuna simu iliyorudishwa nyumbani bila chaji. Hesabu hii ni ya usiku mmoja. Mawingu yakishinda kutwa, runinga ipumzike.

Paneli ipimeni kwa miezi ya mvua. Hesabuni saa 4 za jua kamili kwa siku hata kama kiangazi hutoa 5 au zaidi, mkitoa na robo ya upotevu. Wati-saa 880 zinadai paneli ya kama wati 300. Pimeni na ukubwa wake kwa utepe wa kupimia: paneli nzuri hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba. Iliyoandikwa wati 300 huku ikiwa mita moja kwa nusu mita, maandishi hayo ni ya kuuzia tu.

Tuje kwenye fedha. Bei hizi ni za mfano, wekeni mnazopewa dukani. Tuseme risasi ya Ah 100 ni shilingi 600,000 na imetunzwa ikadumu miaka 3: mnatakiwa kuweka kama 16,700 kila mwezi. Litiamu ya Ah 50 tuseme ni 1,100,000 na inadumu miaka 8: kama 11,500 kwa mwezi. Simu moja ikichajiwa kwa 500, simu 20 ni 10,000 kwa siku. Mapato ya siku mbili kila mwezi yanainunua betri ijayo, mradi yawekwe mahali ambapo mwenyekiti peke yake hawezi kuyafikia. Kwa maoni yetu, kikundi kisichoweza kukubaliana juu ya hizo siku mbili kisinunue betri kwanza.

Litiamu inataka kontrola, kifaa kinachosimamia umeme kutoka paneli kwenda betri, yenye mpangilio wake. Na kontrola yenyewe ina mtego. Paneli kubwa ya wati 300 hutoa kama volti 32 na ampea 9. Ukiifunga kwenye kontrola ya bei rahisi ya PWM na betri ya volti 12, ampea hubaki 9 lakini volti hushuka hadi 13, na unavuna wati 120 hivi. Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia imepotea. Paneli ya aina hiyo ifungwe na kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

Inveta ndiyo mwizi anayelala ndani ya nyumba. Ikiwashwa bila kazi inaweza kula wati 15; kwa saa 24 ni 360, sawasawa na zile simu 20. Tena nyingi hukata umeme betri ikifika volti 10.5, wakati risasi iliyopumzika ikisoma 11.8 tayari iko karibu tupu. Taa zifungwe volti 12 kwenye mdomo wa kontrola, ambayo hukata mapema. Inveta ibaki ya runinga, na anayetoka mwisho aizime. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Risasi ikikaa siku nyingi bila kujaa, bamba zake hushika chumvi ngumu na haishiki chaji tena. Ile yenye vifuniko ikaguliwe kila mwezi na iongezwe maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya kisima hapana, asidi hapana. Paneli ilazwe kwa digrii 10 hadi 15 ili mvua iioshe, mbali na kivuli cha mwembe. Vumbi la Desemba hadi Februari lifutwe alfajiri kwa kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua.

Pasi, birika na mashine ya posho haziwezi kuingia kwenye mtambo wa ukubwa huu.

Betri iliyokufa msiivunje wala kumwaga asidi yake shambani, na watoto wasiichezee: risasi ni sumu inayoharibu ubongo wao. Ibebwe ikiwa wima, na kabla ya kununua mpya muulizeni muuzaji atapokea ya zamani kwa kiasi gani. Mkija kwetu, njooni na karatasi yenye kila kifaa, wati zake na saa zake.